Ukuta Unaonukia Halua

Mwanakombo Shekue alikuwa amekagua kuta za watu kwa miaka kumi na tisa, na hakuna ukuta uliowahi kumtoa jasho kama huu wa Zaituni. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa ukuta wa chumba kimoja, wa mawe na chokaa kama kuta zote za Pangani ya kale, umevaa mfugo wake mweupe, ile kuvu ya kufugwa, kuanzia darini hadi sakafuni. Tatizo ni kwamba kila ukuta una upande wa pili, na upande wa pili wa huu alikaa mama mzazi wa Mwanakombo mwenyewe.

"Ingia tu dada, usivue viatu, sakafu yenyewe imelowa," alisema Zaituni huku akipangusa kiti kwa upindo wa khanga. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita, mcheshi, mwenye maneno yasiyokatika. Mumewe alikuwa kazini Tanga hadi mwisho wa wiki, na kwa hiyo maneno ya siku nzima yalikuwa yamemjaa kifuani yakisubiri mgeni. "Nimekuita kwa sababu mfereji umekauka, leo siku ya nne. Zamani nilikuwa nakinga ndoo mbili kwa siku, nafulia nepi zote na za akiba zinabaki. Sasa hata kikombe sipati. Mfugo umegoma, dada. Na chumba chenyewe ndiyo hivi, nguo nikianua ni mbichi kuliko nilivyoanika."

Mwanakombo alichuchumaa akapitisha kidole kwenye mfereji mwembamba uliopita chini ya ukuta. Mkavu kabisa. Alipokuwa bado amechuchumaa akasikia kikohozi.

Kitanda cha mtoto kilikuwa kimesukumwa mpaka kikagusa ukuta. Nuhu, mtoto wa miezi saba, alikuwa amelala ubavu, pua yake ikiwa kiganja kimoja tu kutoka kwenye ule weupe, na kila alipovuta pumzi kifua kilimlia kama mlango usiotiwa mafuta.

"Mbona umemlaza hapa?"

"Si ndipo anapopapenda! Hebu vuta pumzi, dada. Iliki hiyo, zafarani hiyo, samli hiyo. Akilia usiku namsogeza ukutani, ananyamaza palepale. Baba yako Mzee Shekue, Mungu amrehemu, amekufa na bado anabembeleza watoto wa watu." Zaituni alicheka, kisha akapunguza sauti. "Kikohozi ni cha hali ya hewa tu. Namkanda kwa mafuta ya karafuu."

Mwanakombo alichomoa kinusi chake kiunoni, kile kidude cha ukubwa wa tochi ambacho kila fundi wa kuta hutembea nacho. Kinusi huvuta hewa na kuhesabu vumbi la kuvu nyeusi, ile ya mwituni, ile inayoota yenyewe bila kuombwa. Vumbi likiwa chini ya mia, taa ni ya kijani na fundi anakaribishwa chai. Likivuka mia tano, watu hutolewa ndani siku hiyohiyo. Aliweka kidole gumba juu ya taa kabla haijawaka, akainamia kioo peke yake. Elfu moja mia mbili na kumi.

"Kinasemaje?"

"Betri imekufa," alisema Mwanakombo. "Nitarudi kesho."

Mganga hajigangi, wahenga walisema. Lakini wahenga hawakusema lolote kuhusu mganga anayedanganya, labda kwa sababu waliona aibu.

*

Walio na umri wa Bi Hidaya, mama yake Mwanakombo, wanakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa kabla ya mfugo. Bahari ilikuwa imepata joto, masika yakaacha kuaga, na vuli ikawa inayakuta masika bado yamekaa kitako. Ukifungua sanduku, kanzu ya Idi imeota ndevu. Magodoro yalinuka, misahafu ilivimba, na watoto walikohoa tangu kuzaliwa mpaka kwenda shule. Watu walisugua kuta kwa siki na chumvi, wakapaka chokaa, na baada ya wiki mbili weusi ukarudi palepale, umestarehe. Nusu ya mji ilihamia milimani.

Ndipo watafiti walipozalisha kuvu ya kufugwa. Ilipandwa ukutani kama mtu anavyopaka rangi, ikaota, ikatandaa. Ilikunywa unyevu wa chumba na kuuteremsha chini matone kwa matone, maji safi ya kufulia, na kuvu nyeusi ikiisogelea ililemewa mpaka ikafa. Malipo yake yalikuwa madogo: kila Alhamisi jioni ukuta upakwe maji ya wali yenye uvuguvugu. Wanawake wa Pangani waliupenda kuliko mbuzi wao, wakauita mfugo tu, na wakaanza kuuamkia wanapoingia.

Jambo moja watafiti hawakulitarajia. Nyuzi za mfugo zilishika mafuta ya harufu na hazikuyaachia, na kila ulipolishwa kwa kitu cha moto ulifunguka ukatoa ulichokiweka. Kwa hiyo kila nyumba ikawa na harufu yake, ya watu wake. Mtu aliyesafiri miaka kumi akirudi Alhamisi jioni aliijua nyumba yao akiwa amefumba macho. Bibi harusi akaanza kupewa mbegu ya ukuta wa kwao, kipande cha ukubwa wa sahani kilichofungwa kwenye kitambaa chenye maji, akapande kwa mumewe asije akalia sana. Siku hizo zilikuwa nzuri, na anayesema vinginevyo hakuwepo.

Katazo lilikuwa moja, na watoto walilijua kabla ya kujua kuhesabu: ukuta haulambishwi sukari.

Sasa, Mzee Shekue alikuwa mpishi wa halua. Miaka arobaini na miwili alisimama mbele ya karai akisonga kwa mwiko mrefu, na kila alasiri alirudi nyumbani, akavua shati, akaketi mkekani na kuegemeza mgongo wake ule mpana kwenye ukuta huu wa ubia kati yao na kwa Zaituni. Alipofariki, ukuta ulikuwa na miaka yote hiyo ndani yake.

*

"Umechelewa," alisema Bi Hidaya, Mwanakombo alipoingia kwake siku ileile. "Chai imepoa."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Alikuwa amevaa nguo nyeupe za eda. Madirisha yalikuwa yamefungwa, yote mawili, kama yalivyofungwa tangu siku ya mazishi. Eda ni miezi minne na siku kumi, na zilikuwa zimebaki siku tisa. Juu ya jiko palikuwa na sufuria ndogo, na ndani yake sharubati nzito ikitokota: sukari, iliki, na marashi ya waridi. Kando ya sufuria kulikuwa na kitambaa cha kupakia.

Hayo yote Mwanakombo aliyajua. Hapa ndipo penye uchungu wa hadithi hii. Siku ya arobaini ya baba yake, wageni walipoondoka, aliingia chumba hiki akasikia harufu nzito ya halua. Aliketi mkekani, akaegemea pale pale alipoegemea mzee, akalia, na alipomaliza akaona karibu na bega lake doa jeusi la ukubwa wa punje ya ufuta. Fundi wa miaka kumi na tisa alijua doa lile ni nini. Alijua pia mama yake alikuwa analisha nini. Akachovya kidole kwenye kopo la chokaa, akaliziba, akaenda zake nyumbani. Kila Alhamisi tangu siku hiyo alikuja, akaegemea, akavuta pumzi.

"Mama, zima jiko."

"Bado haijashika."

"Mama, mtoto wa Zaituni ni mgonjwa. Ukuta huu umeoza kwa ndani."

Bi Hidaya aliendelea kukoroga. "Ukuta huu? Mbona upande wangu mweupe pe?"

"Kwa sababu wewe unaupangusa kila siku. Mfugo ukipewa sukari unanenepa, unaacha kunywa maji, unaacha kupigana. Ile nyeusi inaingia chini yake, na ikisumbuliwa upande huu inatokea upande wa pili. Inapumua kwa Zaituni, mama. Na Zaituni amemlaza mwanawe pale kwa sababu panamnukia."

Mwiko ulisimama.

"Sasa utafanya nini?"

"Ukuta uoshwe. Dawa ya mrututu na maji ya moto, pande zote mbili, mpaka kwenye jiwe."

"Basi nikatie mbegu kwanza. Kidogo tu, kama ya bibi harusi."

"Mbegu ya ukuta mgonjwa ni ugonjwa, mama. Nikikukatia, nimekupandia mwingine."

Bi Hidaya aliketi taratibu, mkono mmoja gotini. Alikuwa mama wa msimamo, asiyeomba kitu kwa mtu, na Mwanakombo alitamani angefoka kuliko kusema alichosema.

"Siku tisa, Kombo. Nivumilie siku tisa nimalize eda nikiwa naye. Sijakuomba kitu tangu ulipozaliwa. Nikitoka, uoshe utakavyo, nami sitasema neno."

Siku tisa. Zikisemwa na mama aliyevaa nyeupe zinasikika chache sana. Na Mwanakombo naye, tusimfiche, moyoni alikuwa akizitaka siku hizo tisa kuliko mama yake. Alipita mlango wa pili, akamwambia Zaituni akisogeze kitanda cha mtoto dirishani, na amlaze huko kwa wiki moja hivi.

"Kwani kuna nini?"

"Kuna unyevu tu. Ukuta unapumzika."

Akaenda nyumbani akijiambia kwamba ameokoa pande zote mbili. Nusu ya ukweli ina raha yake, ila haikai.

*

Asubuhi alirudi mapema. Alikuwa hajaketi vizuri kwa mama yake mlango ulipogongwa, ukafunguliwa bila kusubiri jibu, na Zaituni akaingia amemkumbatia Nuhu, kichwa wazi, khanga imemponyoka begani.

"Bibi, nisaidie. Usiku kucha hajalala. Nilimhamisha dirishani kama dada alivyosema, akalia mpaka akakauka, nikamrudisha ukutani, akalala kidogo. Sasa hata kulia halii." Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya majivu, na mbavu zilikuwa zikiingia ndani kila alipopumua. "Nimesema nimlete upande huu wako, ambako harufu ya Mzee ina nguvu zaidi. Huenda atatulia. Niruhusu nimlaze hapo, bibi, hapo alipokuwa akiegemea Mzee."

Alikwishapiga magoti. Alikuwa anamshusha mtoto mkekani, uso wake ukielekea ukuta.

Mwanakombo alifungua kinywa. Nisingependa kueleza kwa nini hakikutoka kitu. Kila mtu anayesoma ana siku yake ya namna hiyo.

Bi Hidaya ndiye aliyeinuka. Alimnyakua Nuhu kutoka mikononi mwa Zaituni, akapita katikati yao, akasukuma mlango wa mbele na kutoka nje. Siku mia moja na ishirini na mbili hakuwa amevuka kizingiti kile. Alisimama barazani mchana kweupe katika nguo zake za eda, mbele ya muuza samaki na wanafunzi wawili waliokuwa wakipita, amemwinua mtoto wa watu juu kwenye upepo wa mto.

"Msirudishe mtoto huyu ndani!" alipiga kelele. "Sikia, Zaituni. Ukuta ndio unaomuua. Niliulisha sukari. Mimi, kwa mkono wangu, ili nimsikie mume wangu. Chukua mwanao, kimbia hospitali!"

Zaituni alimtazama yeye, kisha akamtazama Mwanakombo aliyekuwa amefika mlangoni. "Dada, wewe ndiye fundi. Jana ulipima."

"Betri haikufa," alisema Mwanakombo. Sauti ilikuwa imerudi, kavu. "Jana nilijua. Nilijua tangu arobaini ya baba. Niliona doa nikalipaka chokaa."

"Tangu arobaini?" Zaituni alihesabu kwa midomo. "Wakati huo Nuhu alikuwa hajaanza hata kuketi."

"Ndiyo."

Zaituni hakumpiga. Alimchukua mwanawe, akashuka ngazi za baraza, na Mwanakombo akamfuata hatua kumi nyuma mpaka hospitalini, kwa sababu hakuthubutu kutembea karibu naye.

*

Nuhu aliwekewa hewa ya mashine siku mbili. Daktari, kijana mpole mwenye macho ya usingizi, alisema wangechelewa wiki moja wangezungumza mambo mengine. Mtoto alipoanza tena kunyonya, Zaituni alimpeleka ng'ambo ya mto kwa mama yake, Bweni, bila kumuaga mtu. Mwanakombo alikwenda kwenye idara ya mafundi wa kuta, akaandika kwa mkono wake mwenyewe alichoona, siku gani, na alichofanya. Wakampokonya kinusi. Wakamwachia kazi moja tu ya mwisho, kuosha ukuta wa kwao, kwa kuwa hakuna fundi mwingine aliyekubali kuingia nyumba yenye eda.

Alifika na ndoo mbili za maji ya moto, na mrututu ukiyeyuka ndani yake buluu iliyokolea. Upande wa Zaituni alikwishaumaliza alfajiri. Mama yake alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono ya baibui nyeupe ameikunja hadi viwikoni.

"Lete kitambaa," alisema.

"Mama, dawa hii inachoma mikono. Niachie mimi."

"Siku ile walikuja wanaume, wakamwosha baba yako uani, mimi nikafungiwa chumbani na wanawake. Mke ana haki ya kumwosha mumewe. Sheikh mwenyewe anajua. Lakini nani aliniuliza?" Alinyoosha mkono. "Lete."

Wakaosha pamoja, mama kulia, binti kushoto, kutoka juu kushuka chini. Mfugo unapokufa kwa maji ya moto hufunguka mara moja, ukatoa kila ulichonacho, na hakuna anayeweza kuuzuia. Kwanza ilitoka halua, halua ya siku mia moja na kitu, tamu mpaka kichefuchefu, ikamiminika sakafuni pamoja na maji meusi. Bi Hidaya hakusimama. Tabaka lile lilipoisha likaja la chini yake.

Humo hamkuwa na halua. Ilikuwa sabuni ya mche. Ilikuwa moshi wa kuni za mkoko kwenye shati, na jasho la mtu aliyesimama kutwa, na mafuta ya nazi aliyojipaka kisogoni kila Ijumaa, na tumbaku kidogo aliyokuwa akiificha kwa mkewe na mkewe akijua. Ilikuwa Mzee Shekue mwenyewe, alasiri ya siku yoyote, amerudi nyumbani.

Mwanakombo aliacha kitambaa kikaanguka. Akagundua kwamba miezi yote hii walikuwa wakimfunika.

"Huyo," alisema Bi Hidaya, paji la uso limegusa ukuta uliolowa. "Huyo hapo. Ewe mume wangu, kumbe ulikuwa hapa, nami nilikuwa nakupaka sukari."

Alibaki hivyo kidogo. Kisha akachovya kitambaa, akakikamua, akaendelea kuosha, polepole, kama mtu asiyetaka kumwumiza anayemwosha. Harufu ilipungua. Ikabaki kwenye kona moja ya chini, mkono wake ukaifikia huko pia. Baada ya hapo ukuta ulikuwa jiwe na chokaa, na ulinukia mrututu tu.

"Sasa ndiyo amekufa," alisema Bi Hidaya.

Akaketi chini penye maji akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukitoa siku ya mazishi, kilio cha kuita jina. Mwanakombo alimshika mabega, akafungua madirisha yote mawili kwa sababu hewa ya dawa ilikuwa kali, na kilio kikatoka nje kikasikika mtaa mzima. Pangani kilio hakihitaji maelezo. Wanawake waliacha vyungu vyao wakaja, mmoja mmoja, wakajifunga khanga, wakavua viatu mlangoni. Walitandika mikeka penye ukavu, wakaketi. Walikuwa wameisikia harufu ile ya mwisho mpaka barabarani, na kila mmoja alikuwa na alasiri yake ya kumkumbuka mzee. Hakuna aliyemsemesha Mwanakombo. Habari ya doa la ufuta ilikuwa imekwishafika kila jiko.

Karibu na saa kumi aliingia Zaituni, peke yake, vumbi la safari miguuni. Alikuwa amemwacha mtoto Bweni. Alivuka chumba, akapiga magoti mbele ya Bi Hidaya, akambusu mkono uliobabuka kwa dawa, akasema pole ndefu kama inavyosemwa. Kisha akatafuta mahali pa kukaa, na mahali palipobaki palikuwa pamoja tu, kando ya Mwanakombo.

Mwanakombo alisogea, akamwachia nusu ya mkeka.

Zaituni aliketi. Alitazama mbele, kwenye ukuta mtupu, na hakugeuka aliposema.

"Nimekuja kwa ajili ya Mzee. Wewe bado sijakusamehe."

"Najua," alisema Mwanakombo, na wakakaa hivyo, bega kwa bega, mpaka dua ilipoanza.